Ushauri: kaka anataka malisho yalimwe yote, mimi nataka tuyagawe na kuyapumzisha

Mfugaji_Rongai
Habari zenu wakulima wenzangu. Tuna ekari tano za familia hapa Rongai, Nakuru. Tatu ni za mahindi na maharagwe, mbili ni malisho kwenye mteremko unaoshuka hadi kijitoni. Ng'ombe ni wanne na hushinda malishoni mwaka mzima. Nyasi zimeisha, kumebaki vipara na magugu ambayo ng'ombe hawayagusi. Pale langoni na kwenye njia ya kwenda majini kwato zimeshindilia udongo mpaka jembe linadunda. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanateremka na udongo wetu hadi kwa jirani.

Kaka yangu mkubwa anataka trekta iitwe kabla ya mvua ya Machi, malisho yote yalimwe tupande mahindi, ng'ombe wafungiwe bandani wakatiwe nyasi ndefu ya nepia. Baba hataki wafungiwe, na habari za uzio hataki kuzisikia kwa sababu ya gharama. Mimi naona tugawe malisho vipande na tuwe tunawazungusha. Kuna aliyefanya hivi kwenye shamba dogo? Na mzee nimwambieje akubali?

Shamba_Njoro
Usianze na maneno. Chukua sepetu mwende wote watatu. Chimbeni shimo la futi moja pale palipokanyagwa, na lingine kando ya ua ambako ng'ombe hawafiki. Vunjeni bonge kwa mkono. Palipokanyagwa mtaona mizizi imeshuka kidogo, ikagonga tabaka gumu, ikageuka kwenda upande. Kando ya ua itakuwa imeshuka moja kwa moja, na nyungunyungu hamtawakosa. Mzee akijionea hilo, kazi yako imepungua.

Sababu ni hii: nyasi ikiliwa zaidi ya nusu ya majani, mizizi husimama kukua mpaka majani yarudi. Ikiliwa tena kabla haijapona, mizizi hufupika, ardhi inabaki wazi, na kwato zinamalizia. Kwenu hakuna siku nyasi inaachwa ipumue. Gawa ekari hizo vipande vinane hivi, kila kimoja siku tatu au nne. Watoe nyasi ikiwa bado na sentimita 8 hadi 10. Wakati wa mvua mnaweza kurudi baada ya wiki nne, kiangazi ngojeni wiki nane au zaidi. Angalieni nyasi, si kalenda. Waya mmoja wa umeme wa sola, wa kuhamishwa, unatosha ng'ombe waliozoea watu. Na udongo ukiwa umelowa chepechepe, msiwaingize kabisa.

Ila kaka yako ana hoja. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku. Ekari mbili hazitawalisha wanne mwaka mzima. Nepia mtaihitaji.

Jamaa_wa_Nyakach
Nakuomba sana, huo mteremko usilimwe. Huku kwetu Nyakach tuna korongo la Katuk Odeyo, limemeza mashamba ya watu na bado linakula. Njia ya ng'ombe inayoshuka wima kwenda majini ndiyo ya kuogopa kwanza, maana maji huifuata na kuichimba. Ifunge hata leo, wapitishe kimshazari. Kama lazima trekta ije, ilime sehemu tambarare ya juu tu, tena kwa kukata mteremko. Chini yake chimbeni makinga ya fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu uwe tuta, na mpande nepia kwenye tuta hilo.

Pia pimeni udongo wa shamba la mahindi, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wanapima. Kama mmetumia mbolea ya DAP miaka mingi huenda kuna asidi, na hapo chokaa ya Koru itawasaidia kuliko kuongeza mfuko mwingine wa mbolea.

Mama_Khwisero
Mwanangu, vipando vya nepia usichukue kwa yeyote kabla hujamkagulia shamba. Huku magharibi ugonjwa wa kudumaa umetutesa. Nepia ikishakatwa, machipukizi yanatoka mafupi, majani madogo ya manjano, na shina zima hatimaye hufa. Husambazwa na vipando na wadudu wadogo wanaofyonza majani. Ukiona dalili, ng'oa.

Mimi nimechanganya brakiaria na desmodiamu. Brakiaria ni nyasi ya Afrika yetu hii, ina mizizi mirefu na inavumilia kiangazi. Desmodiamu inalisha udongo kwa nitrojeni, ng'ombe wanaipenda, na nikiipanda katikati ya mahindi kiduha, lile gugu linalofyonza mahindi, kinapungua. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita ndio walioleta njia hiyo ya sukuma-vuta.

Daktari_wa_Mifugo
Mambo mawili. Kuzungusha malisho hakuondoi kupe, kwa sababu kupe hukaa miezi bila kula akisubiri mnyama. Endeleeni kuogesha, ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haina huruma. Na mkipanda lusani (alfalfa), msiwaachie wakiwa na njaa asubuhi kukiwa na umande, watafura tumbo. Wapeni nyasi kavu kwanza.

Mfugaji_Rongai
Mungu awabariki. Nimekwenda na baba na kaka tukachimba. Baba alishika lile bonge akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema waya tujaribu upande wa chini. Kaka atapata sehemu tambarare aweke nepia na brakiaria, na trekta haitagusa mteremko. Swali la mwisho: vile vipara nivifanyeje? Mbegu tupu zitasombwa na maji.

Shamba_Njoro
Hapo mmefanya vizuri. Kuanzia sasa hadi mvua, walisheni mabua ya mahindi juu ya vipara hivyo, kimoja baada ya kingine. Kinyesi, mkojo na masazo vitafunika ardhi. Mvua ikikaribia kwaruzeni juu juu kwa reki, mwageni mbegu, mrudishie matandazo. Halafu ng'ombe wasikanyage hapo mpaka uishike nyasi, uivute kwa nguvu kama ng'ombe anavyovuta, na ising'oke.