Komiki za zamani ukutani zisipauke, nifanyeje?

MtuWaNtinda:
Habari zenu wapendwa. Marehemu baba aliniachia komiki zake alizokuwa ananunua mwisho wa miaka ya 60 mpaka 70 huko, nyingi ni African Film, zile hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman, alafu kuna za Marvel ya Marekani chache ambazo sijui hata zilifikaje Kampala. Muda wote zimekaa ndani ya sanduku la bati chumbani na rangi za majalada bado kali kabisa, karatasi za ndani ndio zimegeuka njano pembeni. Sasa nataka kuziweka ukutani sebuleni, kama sita hivi, watoto wajue babu yao alikuwa anasoma nini. Shida sebule yetu dirisha kubwa linatazama magharibi na jua la jioni linapiga ukuta ule ule ninaoutaka. Fundi wa fremu ananiambia kioo cha kawaida kinatosha, mwingine akasema nibandike tinti dirishani basi. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, maana hizi zikiharibika sina pa kupata zingine.

KaratasiNaWino:
Pole kwa mzee, na hongera kwa kuzitunza. Ndugu yangu ukuta huo achana nao kabisa, hata ukipata kioo cha bei gani.

Komiki za zamani zilichapwa kwenye karatasi za gazeti, zile za mbao iliyosagwa tu, bado ina lignini ndani, ile gundi ya asili ya mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa ndio karatasi inakuwa njano alafu inaanza kukatika ukiikunja. Upande wa wino, mara nyingi nyekundu na njano ndio zinaondoka kwanza, utabaki na jalada la bluu bluu hivi. Na ikishapauka imepauka, hakuna dawa ya kuirudisha.

Watu wanasema UV, UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, kweli ni mbaya zaidi lakini hata mwanga wa kawaida tunaoona kwa macho unapausha, na madhara yanajumlishana, giza la usiku halirudishi kilichopotea mchana. Makumbusho mengi karatasi kama hizi wanaziweka kwenye laksi 50 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), ni mwanga hafifu sana. Piga hesabu: laksi 50 kwa masaa 8 kila siku ni kama laksi-saa 146,000 kwa mwaka, yaani laksi mara masaa. Jua la moja kwa moja nje linafika laksi 100,000. Tuseme dirisha na pazia jembamba vimelishusha mpaka 20,000 tu, masaa mawili ya jioni ni 40,000, yaani siku nne umeshapita mwaka mzima wa makumbusho.

FundiFremu_Jinja:
Nakubaliana na hapo juu, niongezee kwenye kioo maana ndio kazi yangu ya kila siku. Kioo cha kawaida kinazuia sehemu tu ya UV, nyingine inapita vizuri sana, kwa hiyo huyo fundi anayesema kinatosha amekudanganya. Kuna vioo na akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, za kuchuja UV, nzuri zinakata mpaka asilimia 99, hapa kwetu mara nyingi lazima uagize na sio rahisi kwa bei. Mimi napenda akriliki, ni nyepesi na ikianguka haivunjiki ikachana komiki. Kuhusu tinti, usiangalie weusi wake, zipo nyeusi tii ambazo UV zinapitisha na zipo zisizo na rangi kabisa zinazoikata, muulize muuzaji akuoneshe maelezo ya karatasi yake.

Jambo lingine watu wanasahau, jalada lisigusane na kioo, unyevu ukiingia linanata ukilitoa linabaki nusu. Kata vipande vya bodi isiyo na asidi uweke pembeni kati ya kioo na komiki. Gundi hapana, selotepu hapana, na tafadhali usikubali mtu akuambie aiweke laminesheni, hapo umeizika. Ishikwe na vikona vya karatasi kwenye pembe nne. Alafu nyuma ya fremu bandika vipande vya mpira ipate nafasi kidogo na ukuta, kuta zetu msimu wa mvua zinatoa jasho.

DadaWaArua:
Mimi nauliza tu, kwa nini zikae ukutani zenyewe? Skani majalada vizuri, nenda Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, watakuchapia kopi ya rangi kwenye karatasi nzito, weka fremu zote sita hata upande wa jua ukitaka. Zikipauka unachapa zingine. Za baba zirudi kwenye giza.

MtuWaNtinda:
Asanteni sana jamani, nimejifunza mengi. Dada, nimekuelewa ila moyo wangu unakataa kopi peke yake. Nataka mtoto asimame mbele ya ile yenyewe, aone hata ile alama ya kalamu ya baba aliyoandika tarehe kwenye kona. Kopi haina baba. Hakuna njia ya katikati? Na kaka wa Jinja, nikihamia ukuta wa kaskazini si itakuwa salama, nimesoma mahali wanasema kaskazini hakupati jua?

KaratasiNaWino:
Hilo la kaskazini limeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwao ni kweli. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mwezi wa sita jua liko kaskazini kwetu, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, hakuna upande uliosalimika mwaka mzima. Tafuta ukuta usiopigwa na jua la dirisha lolote, korido ya ndani ni nzuri sana, na taa weka LED maana haitoi UV ya maana, tofauti na zile taa ndefu za tyubu.

Njia ya katikati ipo na naipenda kuliko zote: fremu MOJA, komiki zinapokezana. Kwa vitu vinavyopauka haraka wataalamu wanapendekeza visizidi laksi-saa 15,000 kwa mwaka. Kwa laksi 50 hayo ni masaa 300, ukiwasha taa masaa 8 kwa siku ni mwezi na siku chache. Kwa hiyo chagua komiki kumi na mbili, kila moja mwezi wake, kumi na moja zinalala gizani. Huyo mtoto wako kila tarehe moja anapata ya kuisubiri. Nafasi zingine tano jaza kopi za dada wa Arua. Kupima mwanga kuna programu za simu, sio sahihi sana lakini zitakuonesha kama uko kwenye 50 au 500.

MzeeWaMajarida:
Vijana mmemaliza mwanga, mimi niseme hizo kumi na moja zinakolala. Lile sanduku la bati limezilinda na mwanga miaka yote lakini msiliweke sakafuni wala kuligusisha na ukuta wa nje. Unyevu ukizidi asilimia 65 kuvu linaanza, na sisi Machi mpaka Mei tunavuka hapo bila shida. Weka vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ndani, ukaviangalie mara kwa mara. Kila komiki iwe kwenye mfuko wake wa poliesta, wengine wanaita Mylar, na ubao usio na asidi nyuma yake. Ile plastiki laini ya PVC inayonuka, hiyo kimbia, inatoa asidi inakula wino. Angalia na pini za katikati kama zina kutu, usizing'oe mwenyewe, karatasi ya zamani inachanika kwenye tundu. Na chumba hicho watu wasile humo, mende wanapenda gundi ya majalada kuliko ugali.

Alafu kabla hujatundika hata moja, chukua gazeti la rangi la leo, funika nusu yake kwa foili, libandike pale koridoni unapotaka fremu ikae. Baada ya mwezi toa foili. Ukiona mstari kati ya pande mbili, tafuta ukuta mwingine.

MtuWaNtinda:
Mzee asante sana, gazeti nimeshalibandika jioni hii koridoni. Fundi wa Jinja nimekutumia ujumbe kuhusu ile akriliki, moja tu.