Tovuti ya karakana imezeeka: nianzie wapi ili wateja waulizie kazi?

Mwenye Karakana, Kariobangi
Hamjambo ndugu zangu. Ninatengeneza mageti, milango na madirisha ya chuma, na tovuti yetu ni ya mwaka 2012. Wanaojenga Ruiru, Kitengela na Syokimau hunipata kwa kuelekezwa na mafundi, lakini kupitia tovuti ni nadra mtu kuuliza lolote. Ukurasa wa kwanza una picha kubwa zinazopishana, historia ya kampuni na salamu za mkurugenzi. Fomu ya maulizo imejificha mwishoni, na inadai mambo mengi, hata sanduku la posta. Nimepewa makadirio ya kuijenga upya yote, yenye rangi mpya na video. Je, hapo ndipo pa kuanzia?

Msanifu wa Ngara
Video isubiri, kaka. Chukua simu ya bei ya kawaida, zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa bando, kisha jifanye mwenye ploti Ruiru anayetaka kujua geti la futi 12 litamgharimu kiasi gani. Google hupendekeza sehemu kuu ya ukurasa iwe imeonekana ndani ya sekunde 2.5, picha zako zisipopunguzwa uzito, mteja ataondoka kabla hajaona hata jina la kampuni. Ikiwa picha hizo ziliundwa kwa Flash, programu ya zamani ya picha zinazotembea, hakuna anayeziona, kwa kuwa Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Tena, ikiwa anwani yako bado inaanza na http badala ya https, Chrome imekuwa ikiwaonya wageni tangu Julai 2018 kwamba tovuti si salama, na mtu aliyeonywa hivyo hakuachii nambari yake ya simu.

Fomu iulize jina, simu, mahali pa ujenzi na vipimo, basi. Kando yake weka kitufe cha WhatsApp kwenye kila ukurasa: ni anwani ya wa.me ikifuatwa na 254 na nambari yako bila sifuri ya mwanzo.

Dada wa Mauzo, Industrial Area
Mimi nauliza: hayo maulizo yakija, nani atayajibu? Baruapepe ya kampuni isiyofunguliwa kwa wiki nzima hufukuza wateja kuliko rangi iliyochujuka, kwa hiyo mteue mtu mmoja na muandike saa zake za kujibu. Salamu za mkurugenzi ziondoeni (atanisamehe). Mahali pake wekeni picha za kazi yenu wenyewe, zilizopigwa karibu kiasi cha kuonyesha bawaba, kufuli na mahali pa kuchomelea, na chini yake unene wa bati, mtaa lilikofungwa geti, bei ya kuanzia, na kama bei hiyo inajumuisha rangi, usafiri na ufungaji. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: mweleze mteja kwa nini unachukua nambari yake, wala usimtumie matangazo bila idhini.

Mwenye Karakana, Kariobangi
Asante, dada. Bei ndiyo inayonitia wasiwasi: washindani wataziona, na chuma hupanda bila kutoa taarifa.

Msanifu wa Ngara
Washindani wananunua chuma kwenye maduka yale yale unayonunua wewe, kwa hiyo wanaweza kukisia bei zako bila kufungua tovuti. Andika "kuanzia" pamoja na tarehe bei ilipohakikiwa, na usiiache ichakae. Kurasa za zamani zikibadilishwa anwani, mjenzi azielekeze kwenye mpya kwa njia ya kudumu, inayoitwa 301, la sivyo aliyekupata kupitia Google ataangukia ukurasa usiokuwepo. Na kabla hujatoa malipo ya awali, msajili wa jina la tovuti unayemlipa kila mwaka athibitishe kwamba jina hilo la .co.ke limeandikishwa kwa kampuni yako, si kwa yule aliyekujengea mwaka 2012.