Maana ya "run out of" ni nini?

Muulizaji, Goma: Ndugu zangu, mwenzangu wa kazi aliyeko Kampala ameniandikia "We have run out of fuel", nami najua "run" kuwa ni kukimbia tu. Anamaanisha nini?

Mwalimu, Katindo: Wameishiwa mafuta. Chunguza kiima, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa hukwama: aliyeishiwa akitangulia, "of" ni lazima, kitu chenyewe kikitangulia, "of" huondoka, yaani "The fuel has run out", mafuta yamekwisha.

Msomaji, Himbi: Naongeza kwamba "We are running out of fuel" huonyesha kuwa mafuta bado yapo ila yanaelekea kwisha, tofauti ambayo mtunza bohari hawezi kuipuuza.

Muulizaji: Asante, Mwalimu. Kumbe wamekwisha kukwama; naagiza mafuta leo hii.