Ushauri: nataka kuachana na jenereta niweke sola, lakini nyumba yangu ni bila ardhi

MamaBarafu
Assalam alaykum wenzangu. Niko Kisauni, nauza barafu na samaki wa friza. Stima ikipotea nawasha jenereta ya dizeli, na kila tarehe 14 EPRA, wale wasimamizi wa kawi, wakitangaza bei mpya za mafuta roho hunidunda. Nataka sola juu ya mabati. Je, nahitaji leseni? Pili, kuna fundi alikuja kupima akasema nifunge paneli nyingi kuliko ninavyohitaji, ziada niwauzie Kenya Power, pesa ziingie M-Pesa kila mwezi. Ni kweli? Tatu, na ndilo linaloninyima usingizi: nyumba ni yangu, ardhi si yangu. Kodi ya ardhi tunampa wakala wa mwenye ardhi. Akitutaka tuhame, paneli zangu itakuwaje?

Fundi_Mikindani
Wa alaykum salaam mama. Leseni ya kuzalisha huhitaji. Sheria ya Kawi ya 2019 inakuruhusu uzalishe umeme wa matumizi yako mwenyewe hadi megawati 1, na friza zako hata ukiziwasha zote hazikaribii. Anayehitaji leseni ni fundi. Kanuni za sola za 2012 ziliweka madaraja T1, T2 na T3. T1 ni wa vitu vidogo vya paneli moja. Ukichanganya sola na laini ya Kenya Power, tafuta T3. Mwombe leseni yake, kisha ulizia EPRA kama ni ya kweli. Akianza hadithi ndefu, mpe maji anywe aende zake.

Hiyo ya M-Pesa ni porojo. Kanuni za 2024 za kurudisha umeme wa ziada kwa Kenya Power (net metering) hazimlipi mtu pesa mkononi. Unaomba kwanza, mnatia saini mkataba na Kenya Power, unawekewa mita inayosoma pande mbili, na kila unit unayowapelekea unarudishiwa nusu kwenye bili. Ukipeleka 100, unahesabiwa 50. Sasa paneli za ziada zinamfaidi nani kama si muuzaji? Wewe gandisha mchana jua likiwa kali. Barafu ndiyo betri yako.

Mzee_wa_Likoni
Sheria hizi ziliandikiwa mahoteli ya Nyali, msimdanganye mama wa watu. Nusu unit!

Kibokoni_1
Mzee, nusu ni kidogo, sikatai. Lakini tazama upande wa pili: tangu Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na Julai 2024 ushuru wa barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Jenereta ya mama haijawahi kupita barabarani ila inalipa! Na hata tokeni hazina nafuu: soma risiti, kuna tozo ya mafuta pale, ndiyo yale yanayochomwa na mitambo ya umeme kama ya Kipevu.

Angalizo moja: msamaha wa VAT kwa paneli uliondolewa 2020, ukarudishwa 2021. Kila Juni bajeti ikisomwa lolote laweza kutokea. Kabla ya kulipa, taka risiti inayotenganisha bei na kodi, uone kama umetozwa kisichostahili.

Bint_Mvita
Dada, wote wamekwepa swali lako la tatu. Kwa kawaida kilichofungwa kwenye ardhi huhesabiwa ni sehemu ya ardhi. Sisi Pwani tuna desturi yetu ya nyumba bila ardhi, lakini usiiachie desturi peke yake. Mfanye wakala atie saini karatasi: paneli, inveta (ile ya kugeuza umeme wa paneli utumike nyumbani) na betri ni mali yako, na una haki ya kuvishusha ukihama. Andika namba za kila paneli (ziko kibandiko cha nyuma, zipige picha kabla hazijapanda juu). Na wakala aonyeshe idhini ya mwenye ardhi, maana mawakala wengine huandika wasichotumwa. Ombi la Kenya Power nalo, angalia mita iko kwa jina la nani.

MamaBarafu
Mita ina jina la marehemu mume wangu.

Bint_Mvita
Basi anzia hapo, dada. Badilisha jina kwanza, paneli baadaye. Beba cheti cha kifo.

MamaBarafu
Jazakumullahu kheri. Fundi, Kisauni wafika?

Fundi_Mikindani
Nafika. Niandikie pembeni, uniwekee risiti za tokeni za karibuni. Na wakala usimwambie bei ya paneli.