Mzee wangu hana intaneti wala haitaki: simu ya mezani na king'amuzi gani vitamfaa?

Wa Mtoni
Wakuu, heshima kwenu. Mzee wangu ni mstaafu wa bandarini, anaishi Mtoni kwa Aziz Ali na bi mkubwa. Enzi zake alikuwa na simu ya mezani ya waya, ile ya 022. Waya uliibwa nguzoni, tukaripoti mpaka tukachoka, ikabaki pambo. Mpaka leo mkonga upo juu ya kabati, bi mkubwa kaufunika kitambaa cha kufuma.

Tulimpa simu janja, iko kwenye droo. Kiswaswadu anacho, ila vitufe ni vidogo na vidole vyake vinene, akibonyeza 4 inakuja na 5. Halafu anakitundika msumarini ndani ya koti, kikiita hasikii mtu.

Upande wa TV ana chogo linalodunda bado, na king'amuzi cha dishi. Kifurushi kikiisha anadhani TV imeharibika, anaita fundi wa mtaani, naye hakosi cha kuchukua. Anachotaka mzee ni taarifa ya habari saa mbili usiku na mpira wa Simba ukitokea. Naomba ushauri, mfuko wenyewe mnaujua.

Kijana wa Sinza
Mnunulie smart TV na ruta, mambo kwisha. Anaangalia YouTube tu.

Fundi Antena
@Kijana, soma kichwa cha habari kwanza.

Mkuu, achana na dishi, chukua king'amuzi cha antena. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar mwishoni mwa 2012, chaneli za bure za nyumbani kama TBC1, ITV na Channel Ten zinapita huko, na kifurushi kikiisha hizo zinabaki. Chogo si tatizo, hakikisha tu king'amuzi kina matundu ya waya wa njano, mweupe na mwekundu. Antena iwe ya nje, juu ya bomba, uielekeze zilikoelekea za majirani. Huko kwenu chumvi ya bahari inakula maungio ya waya, funga vizuri kwa mpira.

Ila mpira wa Simba wa ligi usimwahidi, huo uko kwa wa kulipia. Huo mpe redio.

Mama Nasra
Kaka, shikamoo kwa mzee. Simu zipo Kariakoo: umbo lile lile la mezani, mkonga na vitufe vikubwa, lakini ndani unaweka laini ya kawaida. Mama yangu anayo, Tandika. Sauti inasikika mpaka uani. Namba yangu nimeiweka kwenye kitufe cha 2, anakishikilia tu inaita. Angalieni msije mkauziwa za zamani za CDMA (mtandao wa aina nyingine), hizo laini hizi hazishiki. Jaribuni hapo hapo dukani na laini yenu.

Laini isajiliwe kwa alama za vidole vyake mwenyewe na kitambulisho cha NIDA, si kwa jina la mjukuu. Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" watamfikia tu, mwambieni asitume kitu bila kukupigia. Meseji zao zipelekeni 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Wa Mtoni
Dada nashukuru sana, salamu nimezifikisha, anasema marahaba. Sikujua kama hizo za laini bado zipo. Fundi, rimoti je? Mzee akibonyeza kimoja kibaya TV inageuka Kichina, ndipo kelele zinaanza.

Fundi Antena
Chukua soletepu nyeusi, funika vitufe vyote. Acha cha kuwashia, sauti na cha kupanda na kushuka chaneli. Kisha panga chaneli zake tatu zikae mwanzo. Wateja wangu wa umri huo nawafanyia hivyo bure.

Wa Mtoni
Hiyo naifanya Jumamosi. Swali la mwisho kwa Mama Nasra: umeme ukikatika simu inazima?

Mama Nasra
Ina betri ndani, inasukuma. Ila iache kwenye chaji siku zote, na hiyo soketi ya chaji mwambieni bi mkubwa asichomeke pasi.