Pointi 7 za HGL na ng'ombe wa nyumbani: nina nafasi Deep Springs?

BintiMakambako:
Habari za jioni wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), Division One ya pointi 7. Nyumbani tunafuga ng'ombe wa maziwa, na zamu ya kukamua alfajiri ni yangu tangu niko msingi. Mwalimu kanitajia chuo kiko California, Deep Springs. Wanafunzi hawazidi 30, hulipi ada, bweni wala chakula, ila unasoma huku unafanya kazi za ranchi. Shida wanachukua kama 12 hadi 15 tu kwa mwaka. Kwa pointi zangu naweza kupenya, au nijipange na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na mkopo wa Bodi ya Mikopo?

MzeeKipara:
Yaani binti upande ndege masaa ishirini na ushee ukakamue ng'ombe, na hapo nyuma ya jiko mnao? 😂

Kisima:
Mzee acha utani, mtoto kauliza la maana.

Binti, chuo hicho alikianzisha L. L. Nunn mwaka 1917, tajiri aliyetajirikia kwenye umeme. Aliamini masomo, kazi za mikono na kujitawala ni kitu kimoja. Huko kujitawala si porojo: kwenye kamati inayochuja maombi wamo wanafunzi wenyewe. Wanatafuta mtu wa kuishi naye jangwani miaka miwili. Pointi 7 zinaonyesha darasa unaliweza, basi. Kinachobeba ni insha. Ukivuka raundi ya kwanza unaandika nyingine, kisha kuna ya kwenda kukaa nao siku chache, kufanya kazi na kuhojiwa. Waandikie mapema uulize mwombaji wa mbali anafanyaje.

Ila tafadhali, usipeleke insha ya kuomba huruma. Vijana wetu wengi huniletea hizo niwasahihishie: njaa, msiba, "naomba mnisaidie". Andika siku ng'ombe alipobana maziwa na mnunuzi yuko getini. Ulifanyaje? Na bei ile anayowapa, unaionaje?

DadaTunu:
Naongezea. Wasichana wameanza kuingia pale 2018 tu, baada ya kesi ndefu, maana hati ya Nunn ilitaja vijana wa kiume. Kwa hiyo jinsia isikutishe.

Mimi ninachohofia ni baada ya hapo. Ni miaka miwili tu, halafu unahamia chuo kingine kumalizia shahada. Wengi wao huishia vyuo vikubwa, sawa, lakini mgeni anayehamia katikati msaada wa fedha humbania sana. Omba na Berea, Kentucky. Nacho kila mwanafunzi anafanya kazi, angalau saa 10 kwa wiki, ada hakuna, na unatoka na shahada kamili. Ushindani wa wageni ni mkali vilevile. Na UDSM usiiache, omba dirisha likifunguliwa.

BintiMakambako:
Asanteni sana. Barua ya mapendekezo nimwombe mkuu wa shule au mwalimu wa Historia?

Kisima:
Wa Historia. Mkuu ataandika "ana nidhamu na ushirikiano", kama anavyowaandikia wote. Mwalimu wako ataeleza ulivyombishia darasani. Halafu kaa na wazazi mapema: nauli, vitabu na bima ya afya ni juu yenu.