Miezi saba Uturuki, bado naongea kwa mikono. Nifanyeje?

Wakuu, habari zenu. Niko Uturuki kikazi, huu mwezi wa saba. Kituruki changu ni salamu na namba tu, mengine yote naonyesha kwa mikono. Watu wananielewa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi: nikishaeleweka, neno lenyewe sijifunzi.

Juzi niliingia duka la dawa. Nikakohoa, nikashika kifua, nikaigiza kunywa dawa kwa kijiko. Dada aliyekuwepo akainua nyusi, akanyanyua kidevu kidogo, halafu akanisonya. Nilitoka mikono mitupu, roho imeniuma mpaka usiku. Nimemkosea nini? Na huu ububu nitautokaje? Darasani naenda mara mbili kwa wiki, lakini nikitoka tu narudia mikono.

Nahodha:
Pole sana mkuu, ila hukusonywa. Hiyo ndiyo "hapana" yao: nyusi juu, kidevu juu, ulimi unagonga nyuma ya meno mara moja. Mara nyingine nyusi peke yake zinatosha. Dada alikwambia hakuna, basi. Msonyo wetu unavutwa, ule wao ni kugonga ulimi mara moja tu. Nilikaa huko miaka 4, na mwaka wa kwanza niliamini kila mtu ananidharau. Iliniumiza bure.

Wewe nawe ukitikisa kichwa kushoto na kulia, wapo watakaodhani hujaelewa, waanze kukueleza upya. Sema "yok" (hakuna) au "hayır" (hapana). Pia usikutanishe kidole gumba na cha shahada kufanya duara ukimaanisha "safi", kule ni tusi. Vidole vitano vikikusanywa ncha juu, mkono ukapanda na kushuka, ni sifa: kitu kizuri sana. Italia mkono huohuo unauliza "unataka nini?"

Ukindu:
Kaka, mikono usiiache. Unapokosea ni pale unaponyamaza mikono ikifanya kazi. Mimi niko Ujerumani. Bomba la jikoni lilipoharibika nilimwonyesha fundi matone kwa vidole: to, to, to. Akasema "tropft", yaani linadondosha. Nikarudia huku vidole vikidondosha, akanisahihisha, nikarudia tena. Miaka 2 imepita na neno halijanitoka. Tangu siku hiyo sipokei kitu kabla sijatamka jina lake. Jifunze kwanza "Bunun adı ne?", yaani hiki kinaitwaje. Onyesha, uliza, rudia kwa sauti.

Chaki Nyeupe:
Ukindu kasema kweli, na jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 mtafiti Manuela Macedonia na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliojifunza maneno mapya huku wakifanya ishara. Ishara ilipoendana na maana, maneno yalikumbukwa vizuri kuliko ilipokuwa haihusiani nayo. Kwa hiyo kile kikohozi cha kuigiza ni mali. Kifungie neno.

Mzee wa Njia Panda:
Mnajitesa. Programu ya kutafsiri iko kwenye simu, andika, mwonyeshe.

Ukindu:
Mzee wangu, kwa dharura sawa kabisa, hasa mambo ya dawa. Lakini ukimwonyesha simu, neno linapita machoni tu, mdomoni haligusi.

Mwenye uzi:
Asanteni sana, Nahodha umenitua mzigo. Leo nimerudi kwa yule dada. Nikakohoa, nikauliza "Bunun adı ne?" Akajibu "öksürük", kikohozi. Ile ö nikaikosea mara mbili, akaivuta midomo yake mbele na kuionyesha kwa kidole ili nione inavyokaa. Nikauliza, "Öksürük şurubu var mı?", yaani dawa ya maji ya kikohozi ipo? Safari hii ipo, nimetoka na chupa. Nilipomwonyesha kwa vidole kwamba nataka mbili, akainua nyusi na kugonga ulimi. Nikamwambia, "Yok?" Akatabasamu, "Yok."

Ö bado inanishinda. Mlioiweza, ulimi mnauweka wapi?